Mwenyeji Si Mfadhili: Nani Humshika Mkono Afisa Anayekwenda Kusoma Jeshi Ng'ambo

Barua ililetwa kwangu baada ya sala ya Alasiri, imekunjwa ndani ya leso. Jirani yangu wa Langoni, mama mtu mzima ambaye sote mtaani humwita Bi Mkubwa, aliketi barazani akaifungua leso taratibu, akanipa. Mimi nimesomesha Kiingereza miaka mingi, na hapa Amu, yaani Lamu mjini, mwalimu hastaafu: barua za bima, za mahakama na za shule hupita kwangu kwanza. Hii ilimhusu bintiye, meja katika Jeshi la Nchi Kavu, aliyechaguliwa kwenda kusoma karibu mwaka mzima katika chuo cha jeshi cha Fort Leavenworth, jimbo la Kansas, Marekani.

Bi Mkubwa hakuniuliza kozi yenyewe ni ya nini. Mjukuu wake alikwisha kumsomea barua nyumbani, na neno moja lilimnyima usingizi. Akaliwekea kidole.

"Mwanangu, nambia. Huyu sponsa ni nani?"

Nilimwelewa mara moja. Katika Kenya ya leo neno hilo limechafuka. Sponsa ni mwanamume mwenye pesa anayemweka msichana. Sasa meja mzima, mke wa mtu, mama wa watoto wawili, karatasi rasmi inasema akifika Marekani atapewa sponsa. Tena si mmoja, watatu! Mama gani wa Kiislamu atalala?

Wapo pia wanaolisikia neno hilo kwa maana ya zamani, yaani mfadhili, mtu wa kulipa. Hawa nao hupotea, kwa upande mwingine. Nimeziona familia zikianza kugawana fedha za mfadhili ambaye hajaonekana: karo ya huyu, tiketi ya yule, mtaji wa mwingine. Kijana anapiga simu kutoka ng'ambo kueleza kwamba huyo mtu hampi hata senti, nao wanamwona mchoyo. Nimeshuhudia ndugu wawili wakikaa mwaka bila kuzungumza kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo naandika hapa yale niliyomweleza Bi Mkubwa jioni ile na jioni mbili zilizofuata, kwa kuwa jambo lenyewe lina nyuzi nyingi na kila uzi umefungwa kwenye mwingine.

Tuanze na fedha. Afisa wa Kenya anapokwenda kusoma jeshi Marekani, hawi askari wa Marekani. Hali kiapo chao, havai sare yao, hapelekwi vitani kwao. Anabaki kuwa askari wa Kenya, mshahara wake unatoka Kenya, na akimaliza anarudi kwenye kikosi alichopangiwa na wakubwa wake. Nalisema hili kwanza kwa sababu hapa kwetu wengi wamewajua askari wa Marekani kupitia kambi ya Manda peke yake, na hawajasahau asubuhi ya tarehe 5 Januari 2020, Al-Shabaab walipoivamia na Wamarekani watatu wakauawa. Bi Mkubwa alikuwa na hakika kwamba bintiye anachukuliwa kwenda kuziba pengo kama hilo. Sivyo. Anakwenda kuketi darasani.

Kiti chenyewe darasani hupatikana kwa njia zaidi ya moja. Njia ya kwanza ni msaada. Marekani ina mpango wa elimu na mafunzo ya kijeshi kwa mataifa mengine, unaojulikana kwa herufi zake IMET, uliowekwa kisheria mwaka 1976. Fedha zake hupitia Wizara ya Mambo ya Nje na uendeshaji wake uko mikononi mwa Pentagon, yaani wizara yao ya jeshi. Kwa dunia nzima ni kiasi cha dola milioni 100 na ushei kwa mwaka, kiasi kidogo sana ukilinganisha na bei ya silaha. Njia ya pili ni kununua: nchi yenye uwezo hulipia kozi kama inavyolipia ndege au rada, na mara nyingi masomo huja pamoja na mashine, maana ukinunua helikopta utahitaji rubani na fundi. Njia ya tatu ni kubadilishana, kiti kwa kiti, mwaka huu wako kwangu na wangu kwako.

Hiyo ya tatu watu wetu huisahau, na mimi naiona kubwa. Kenya nayo ni mwenyeji. Maafisa wa nchi jirani na za mbali husoma Chuo cha Ulinzi cha Taifa kilichopo Karen, Nairobi, na Tanzania hupokea wageni katika Chuo cha Ukamanda na Unadhimu cha Duluti, karibu na Arusha. Afisa wa Malawi au wa Zambia anapofika hapa na mkewe na watoto, yuko katika hali ileile ya meja wetu anapofika Kansas: hajui duka lilipo, hajui daktari ni nani, hajui mtoto ataingia darasa lipi. Tunapouliza Wamarekani watamtunza vipi binti yetu, tujiulize pia sisi tunawatunzaje wa wenzetu.

Uzi wa pili ni karatasi. Mwanafunzi wa msaada hasafiri kwa barua ya pongezi. Husafiri kwa hati ya mwaliko, ambayo wenyewe huiita ITO, na hati hiyo ndiyo mkataba wote. Ndani yake mna jina la kozi, tarehe za kuanza na kumaliza, nani analipa nauli, nani analipa chakula na malazi, nani anatibu akiugua, mizigo mingapi anaruhusiwa, na la muhimu kwa wenye familia, kama mume au mke na watoto wameruhusiwa kufuatana naye. Kisichoandikwa hapo hakipo, hata kama bwana fulani wa Nairobi aliahidi kwa mdomo. Mwenye hati huibeba mkononi mpaka aonane na ofisi ya chuo. Asiithubutu kuitia kwenye sanduku linaloshushwa chini ya ndege.

Na hapa wengi hukwama: ruhusa ya familia si malipo ya familia. Hati inaweza kusema mume na watoto wanakaribishwa, huku nauli yao, kodi ya nyumba kubwa zaidi na bima yao ya afya vikiwa juu ya afisa mwenyewe au serikali yake. Bima hiyo si jambo la hiari. Matibabu ya Marekani ni ghali kiasi kwamba mtoto akivunjika mkono bila bima, akiba ya mwaka imekwisha. Nilimwambia Bi Mkubwa: kabla hamjafurahia kuwa wajukuu wanakwenda Amerika, muulizeni baba yao bima yao iko wapi.

Halafu kuna majina. Sisi watu wa pwani majina yetu hutembea. Kwenye cheti cha kuzaliwa mtu ni Mwanaisha binti fulani, kwenye kitambulisho ni Aisha, kwenye cheti cha ndoa kutoka kwa Kadhi limeandikwa jina la babu ambalo pasipoti haina. Hapa Amu haitusumbui, tunajuana. Ubalozini inasumbua sana. Karatasi mbili za mtu mmoja zikisema majina mawili, faili husimama, na kozi haimsubiri mtu. Mwenye mtoto jeshini anayetazamia kozi ya nje asingoje barua ndipo atafute cheti cha kuzaliwa. Aanze leo. Aende na kwa Kadhi, apate nakala ya cheti cha ndoa yenye jina lililo kwenye pasipoti. Na kadi za chanjo za watoto zitafutwe mapema, kwa kuwa shule za kule hazimpokei mtoto bila kuonyeshwa kachanjwa nini na lini.

Uzi wa tatu ni uchunguzi, nao una sura mbili. Ya kwanza ni sheria ya haki za binadamu inayoitwa kwa jina la seneta Patrick Leahy, iliyoanza mwaka 1997. Inakataza fedha za msaada kwenda kwa kikosi ambacho kuna habari za kuaminika kwamba kimetenda ukatili mkubwa: kuua raia, kutesa, kupoteza watu, kubaka. Kabla ya mwanafunzi kupata kiti, jina lake na la kikosi chake hupitishwa ubalozini na Washington yakaguliwe. Sisi wa kaunti hii hatuwezi kulisoma hilo kwa macho makavu. Tulizika zaidi ya watu 60 waliouawa katika mashambulizi ya Mpeketoni na vijiji vya jirani Juni 2014, kisha ikaja operesheni ya jeshi katika msitu wa Boni mwaka 2015, na tangu hapo wapo akina mama huku wanaosema watoto wao walichukuliwa na hawajarudi. Naamini sheria hii ni ya haki. Pia naona inakagua mlango mmoja tu, ule wa kuingilia darasani Marekani, na yule mama hana faili inayopita Washington.

Sura ya pili ni ya usalama wa mwenyeji. Tarehe 6 Desemba 2019 afisa wa Saudi Arabia aliyekuwa akisomea urubani katika kituo cha jeshi la wanamaji cha Pensacola, Florida, aliwapiga risasi na kuwaua Wamarekani watatu. Wakati huo wanafunzi wa kijeshi wa kigeni nchini humo walikuwa wapata 5,000. Baada ya hapo uchunguzi ulikazwa, na wageni wakawekewa masharti mapya ya kuingia kambini na ya kumiliki silaha. Kwa mwanafunzi Mwislamu hii ina uzito wake. Maswali atakayoulizwa ataona yana jicho. Ajibu kwa utulivu na ukweli uleule kila mara, akijua kwamba swali limeulizwa kila mgeni.

Lugha naipita haraka. Kwa nchi nyingi ndiyo ngome ya kwanza: mtihani wa Kiingereza wa alama 100, kozi nyingi zikidai 70 na nyingine 80 na zaidi, na asiyefikia hupelekwa kwanza kituo cha lugha cha Lackland, San Antonio, Texas. Nchi kadhaa zinazotumia Kiingereza husamehewa. Afisa wa Kenya amesoma kwa Kiingereza tangu shule, kwa hiyo shida yake ni nyingine: Wamarekani wa jeshi huzungumza kwa herufi. Sentensi moja ina vifupisho vitano, inasemwa mbio, na kila mtu anacheka kabla mgeni hajaelewa. Dawa ni daftari dogo na ujasiri wa kuuliza. Afisa wetu mwenye cheo huona haya kuuliza, na haya hiyo humgharimu wiki nzima za kwanza.

Sasa nafika kwa sponsa.

Fort Leavenworth iko katika mji mdogo wa Leavenworth, kando ya mto Missouri. Mjukuu wa Bi Mkubwa alipoutafuta kwenye simu, alichopata kwanza ni jela, maana mji huo unajulikana Marekani nzima kwa magereza yake, la serikali kuu na la jeshi. Bibi akazidi kulia. Lakini chuo kiko pale tangu karne ya kumi na tisa, na mgeni wa kwanza, luteni wa Uswisi aliyeitwa Henri Le Comte, alisoma hapo mwaka 1894. Siku hizi kila mwaka huingia maafisa wa kigeni zaidi ya 100 kutoka mataifa mengi, wengi wao mameja. Wanagawanywa katika vikundi vya watu 16 hivi, kila kikundi kikipata mgeni mmoja au wawili, ili asiwepo darasa la Wamarekani watupu wala la wageni watupu.

Chuo kina ofisi ya kuwahudumia wageni: mapokezi, nyumba, benki, vitambulisho, viza, shule za watoto. Hiyo ni kazi ya mshahara, na ofisi hufungwa jioni. Jioni ndipo mgeni anapoanza kuishi. Mtoto ana homa usiku wa manane, jiko linazimika, mke hajatoka nje siku kumi. Kwa ajili ya saa hizo watu wa Leavenworth wameweka utaratibu wa miaka mingi: kila afisa mgeni hupewa familia tatu za kumpokea. Moja ni ya mwanajeshi mwenzake, ya pili ni ya raia wa mji wenyewe, na ya tatu ni ya raia wa eneo la Kansas City, mji mkubwa ulio chini ya mwendo wa saa moja kwa gari. Hawalipwi. Hawatoi karo wala posho. Wanajitolea.

Hao ndio masponsa watatu wa binti wa Bi Mkubwa. Nilipomwambia kwamba kila mmoja wao ni familia nzima, mara nyingi mzee na mkewe ambao watoto wao wamekua na kuhama, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Basi si mwenyeji huyo? Mbona hawakuandika mwenyeji?"

Naam. Ni mwenyeji. Lugha yetu inalo neno hilo, na kazi yake tunaijua tangu enzi za majahazi ya Uarabuni. Mfanyabiashara wa kigeni aliyekuja na kaskazi hakulala mchangani: alikuwa na nyumba yake ya kufikia, na mwenye nyumba ndiye aliyemjulisha kwa watu, akamwonyesha bei ya haki, akamwambia nani si wa kuaminiwa. Mwenyeji hakumlipia mgeni bidhaa zake. Alimpa kitu ambacho fedha hainunui, yaani mtu wa kumuuliza. Ukilitafsiri neno sponsa kwa mfadhili umeharibu uhusiano kabla haujaanza, kwa kuwa mgeni atangoja kupewa na mwenyeji atashangaa anadaiwa nini. Ningependa ofisi zetu za kijeshi, zinapoziandikia familia, ziliache neno la Kiingereza na kuandika mwenyeji. Ni neno moja tu, na lingeokoa machozi mengi.

Mwenyeji wa Kansas hufanya nini hasa? Humpokea mgeni uwanja wa ndege. Humpeleka kununua makoti, kwa sababu usiku wa Januari huko hushuka chini ya sifuri na mtoto wa Amu hajui kwamba masikio nayo yanavishwa. Humsaidia kupata gari, maana pale hakuna matatu ya kudandia, na kumzoesha kuendesha upande wa kulia wa barabara. Humwalika kwenye sikukuu zao, naye mgeni hualika kwenye zake. Mara nyingi anayefaidika zaidi ni yule asiyesoma, mume au mke aliyeacha kazi nyumbani akaja kukaa kwenye nyumba ya watu wasiopiga hodi. Upweke wa huyo haumo kwenye hati yoyote. Kwa meja wetu, anayefuatana ni mwanamume, fundi wa mashua aliyezoea kushinda ufukweni na wenzake, na mimi nilimhofia yeye kuliko mkewe.

Usidhani kila mahali ni hivyo. Sandhurst, Uingereza, ambako Kenya na Tanzania zimepeleka vijana tangu kabla ya uhuru, kozi ya kupata uafisa ni wiki 44 na kijana huenda peke yake. Luteni Alexander Nyirenda, aliyepandisha Mwenge juu ya Kilimanjaro usiku wa uhuru wa Tanganyika mwaka 1961, alipitia hapo. Wiki tano za mwanzo kuruti hatoki. Anapiga pasi, anang'arisha viatu, anakimbia, analala saa chache. Mwenyeji wake ni sajenti wake na vijana wa kikosi chake, na familia nyumbani haina la kufanya ila kusubiri simu. Kwa kijana wa miaka 22 utaratibu huo unafaa. Kwa meja mwenye watoto ungemvunja.

Bi Mkubwa aliuliza la dini kabla sijafika. Atasali wapi, atakula nini? Eneo la Kansas City lina misikiti na maduka ya nyama halali, na mwenyeji akiambiwa mapema kwamba mgeni hali nguruwe wala hanywi pombe, hupanga meza yake hivyo. Kinachotatiza ni kunyamaza. Wengi wetu huona ni utovu wa adabu kukataa chakula cha mtu, basi hukaa mezani na njaa wakitabasamu, na mwenyeji haelewi. Ni heshima zaidi kusema mapema. Kuhusu funga: sisi tuliokaribu na ikweta tumezoea mchana wa kiasi kimoja mwaka mzima. Kule mchana wa Juni hukaribia saa 15 na wa Desemba haufiki saa kumi. Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na kurudi nyuma kuelekea Januari, kwa hiyo saumu ya Kansas ni fupi kuliko ya Lamu. Hapo alitabasamu kwa mara ya kwanza.

Yapo yanayosemwa dhidi ya mipango hii, na siyafichi. Marekani haisomeshi maafisa wa watu kwa sadaka. Inataka marafiki katika majeshi ya dunia, watu watakaopokea simu miaka 20 baadaye wakiwa majenerali. Kenya ilipotangazwa mwaka 2024 kuwa mshirika mkuu wa Marekani asiye mwanachama wa NATO, wa kwanza kusini mwa Sahara, ilikuwa sehemu ya hesabu hiyohiyo. Ndani ya kozi wageni hupelekwa kuona mahakama, magazeti, mabaraza ya miji na shule, wajifunze jinsi jeshi linavyotii raia. Je, wanajifunza? Kapteni Amadou Sanogo wa Mali alisoma Marekani zaidi ya mara moja, akapita hata Lackland, kisha Machi 2012 akampindua rais aliyechaguliwa. Paul Kagame alikuwa mwanafunzi wa Fort Leavenworth, ametumwa na Uganda, vita vya Rwanda vilipoanza Oktoba 1990. Aliacha masomo akaenda kuongoza mapigano. Darasa halimgeuzi mtu kuwa mwingine. Humpa ujuzi, na ujuzi huo hufuata moyo alionao.

Hata hivyo mimi nawaunga mkono wanaokwenda. Askari aliyekaa mwaka mmoja akiwa mgeni, ambaye mtoto wake alipelekwa hospitali na mtu asiyejua lugha yake, ana nafasi ya kuelewa kitu anapopangiwa kulinda kisiwa ambacho si kwao. Lamu imejaa askari wageni. Wametoka Bungoma, Machakos, Kericho. Baadhi yao hawajawahi kuketi barazani na mtu hata mmoja wa hapa.

Jambo linaloniuma liko upande wetu huku. Chuo cha ng'ambo kina ofisi, kina mwenyeji, kina kitabu cha mwongozo. Mama anayebaki Langoni ana nini? Ana simu ya mjukuu. Kwa hiyo mtaani kwetu tumeanza kufanya machache wenyewe, na nayaandika kwa yeyote atakayefikiwa na barua kama hii. Afisa aandike hati ya uwakala kwa wakili kabla ya kuondoka, amtaje mtu mmoja atakayeshughulikia shamba, nyumba na benki, ili ndugu wasigombane. Aache orodha ya wanaosaidiwa kila mwezi na kiasi gani, iliyosomwa mbele ya wote. Aseme wazi posho yake ni ya chakula na kodi ya kule, wala si ziada ya kutuma nyumbani. Na kuhusu simu, tupatane saa. Kansas iko nyuma yetu kwa saa nane wakati wa kiangazi chao na saa tisa wakati wa baridi, kwa kuwa wao husogeza mishale ya saa kila Machi na Novemba. Saa mbili usiku, watu wakitoka kuswali Isha hapa, kule ni saa sita mchana, wakati wa chakula. Novemba ikiingia, ngoja mpaka saa tatu. Na ukiandika ujumbe usiandike "saa tatu" peke yake, maana mtoto aliyekwisha zoea saa za Kizungu atasoma saa tisa alasiri, na bibi atakesha na simu mkononi. Imetokea.

Jioni ya tatu Bi Mkubwa alikuja na kapu. Chuoni kuna siku ya maafisa kuonyesha nchi zao, na alitaka binti yake asiende mikono mitupu. Alitoa kofia mbili za kushona kwa mkono, kikoi, leso tatu za rangi tofauti, bizari aliyoisaga mwenyewe, achari ya embe na nyama ya kukausha. Nyama nilimwambia airudishe, forodha ya Marekani haiiruhusu, na vyakula vingine vyote vitajwe kwa watu wa forodha uwanja wa ndege, asifiche kitu. Akaitoa bila kubisha.

Leso zilikuwa za wenyeji, moja kwa kila nyumba. Aliniuliza wanawake hao watatu wanaitwa nani. Nikamwambia majina hayajaja bado, chuo kitayatuma. Akanipa kalamu.

"Ndo uniandikie kwa lugha yao," akasema. "Waambie mie ndimi mamake. Waambie wajukuu wangu wawili wanaogopa mbwa, na huyu mdogo hali yai. Uache mahali pa kutia jina."